Je, Wajua? Mzamiaji wa Mitundu na Safari ya Kurejea Bara
Je, wajua ya kwamba mkazi wa Mitundu, mkoani Singida, akikodi gari kwenda kuzamia ufukweni Tanga au Mtwara, yampasa kutafakari mwinuko wa nchi kabla ya mizigo? Mitundu i juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000; naitrojeni iliyoyeyuka mwilini baharini yaweza kufanya mapovu yenye madhara mtu apandapo bara kwa haraka. Kwa hiyo ni hadhari njema kustarehe pwani muda wa saa 18 au zaidi baada ya kuzamia mara ya mwisho. Ama kuhusu mizigo, gari na liwe na sakafu pana, mitungi ya hewa, ambayo kila mmoja huwa na uzito wa kilo 14 hivi, ilazwe na kufungwa barabara, na vifaa visuuzwe kwa maji baridi yasiyo chumvi.