Mistari miwili iliyoziba ufa katika kiini cha Linux

Kwa wakazi wengi wa Kajaga, kwenye barabara itokayo Bujumbura kuelekea Gatumba na mpaka wa Kongo, simu si chombo cha mazungumzo tu. Ni pochi, ni daftari la duka, ni albamu ya familia. Nyingi ya simu hizo hutumia Android, na Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho pia huendesha seva nyingi duniani. Ndiyo maana kasoro iliyotangazwa Machi 7, 2022, kwa jina la Dirty Pipe, yaani bomba chafu, inastahili kueleweka hata na asiyewahi kuandika programu.

Karani wa masjala

Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachoamrisha vifaa na kuamua nani aguse nini. Ndani yake mna tabaka liitwalo mfumo pepe wa mafaili, linalofanana na karani wa masjala. Programu huomba faili kwa namna moja tu, liwe limehifadhiwa ndani ya simu, kwenye flashi au kwenye seva ya mbali. Karani hukagua ruhusa, hulitafuta, kisha hulitoa.

Ili kazi iende haraka, kurasa za faili lililosomwa hubakizwa katika kumbukumbu. Linux ina pia "bomba", njia ya kupitishia data kutoka programu moja hadi nyingine. Badala ya kunakili ukurasa, kiini kinaweza kuuelekeza tu ndani ya bomba. Kila ukurasa humo huambatana na alama zinazoeleza jinsi unavyoweza kutumiwa.

Makosa mawili yalipokutana

Mwaka 2016, katika toleo la 4.9, ziliongezwa sehemu mbili ambazo hazikufuta alama za zamani zilipoandaa nafasi mpya ya bomba. Wakati huo kosa hilo halikuwa na madhara makubwa. Mwaka 2020, toleo la 5.8 lilileta alama inayoruhusu data kuongezwa katika ukurasa uliopo. Alama hiyo ikibaki kutoka matumizi ya awali, data iliyoandikwa kwenye bomba iliangukia katika ukurasa wa faili ambalo mtumiaji aliruhusiwa kulisoma tu. Kwa njia hiyo, mtumiaji wa kawaida angeweza kubadilisha hata faili linaloorodhesha watumiaji wa mfumo na kujitwalia mamlaka yote.

Aliyegundua ni Max Kellermann, mhandisi wa kampuni ya CM4all ya Ujerumani. Mwaka 2021 alipokea lalamiko kwamba faili moja lililobanwa halifunguki. Tatizo likajirudia. Mafaili yaliyoharibika mara nyingi yalikuwa ya siku ya mwisho wa mwezi, na yalimalizika kwa baiti nane zile zile. Baiti hizo zilitoka kwenye programu isiyo na ruhusa ya kuyaandika mafaili hayo. Akabaki na mtuhumiwa mmoja: kiini chenyewe.

Kiraka hukaguliwaje?

Kiraka alichotuma Februari 2022 kina mistari miwili yenye maana moja: alama zianze na sifuri. Kilipita mikononi mwa Al Viro, msimamizi wa tabaka la mafaili. Ufupi wa kiraka haupunguzi maswali ya mkaguzi. Je, kinatibu chanzo au dalili? Je, pengo hilo lipo mahali pengine? Je, kuna programu ndogo inayoonyesha kosa na ambayo haifaulu tena baada ya marekebisho? Na matoleo ya zamani je? Kiraka hiki kililitaja badiliko la 2016 kuwa asili ya tatizo, hivyo wasimamizi wakajua ni matoleo yapi ya kutengeneza. Februari 23 yalitoka matoleo ya 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102; siku iliyofuata Google ikakiingiza katika kiini cha Android. Umma ulitangaziwa baadaye, ili wahalifu wasitangulie.

Kisa hiki kinafunza kwamba mkaguzi wa 2020 angeweza kusoma kila mstari uliobadilishwa asione kosa, kwa sababu kosa lilikuwa katika mistari ambayo haikuguswa.

Hali ya simu yako

Simu zenye kiini cha zamani kuliko 5.8 hazikuathiriwa na kasoro hii. Kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu" huonyesha toleo la kiini pamoja na tarehe ya sasisho la usalama. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahandisi waliuziba huu kwa siku chache, lakini kiraka hakifiki mfukoni kwa miguu yake. Mtengenezaji wa simu sharti akitume, na mwenye simu akipokee, hata kama anaogopa kumaliza megabaiti zake.