Waliopimwa Homa ya Ini Wasirudi Tena kwa Daktari



Katika toleo hili tumeona tuache kidogo khabari za bei na makonyo, tuzungumze juu ya homa ya ini, na hasa juu ya watu waliokwisha kupimwa, wakaambiwa wanayo, kisha wasionekane tena hospitali. Watu hao tunao majumbani mwetu. Mmoja alikwenda kumtolea damu jamaa yake, damu ikakataliwa; mwingine alipimwa alipokuwa mja mzito. Walipewa cheti, wakaambiwa warudi. Cheti kimo sandukuni mpaka leo.

Sababu ya kwanza ni kuwa hawaumwi. Virusi vya aina ya B huweza kukaa katika ini miaka ishirini au zaidi, na mwenyewe anapanda mkarafuu na kuchuma kama desturi yake. Sisi wakulima tusistaajabu. Tumeiona mikarafuu iliyosimama na majani mabichi, kumbe maradhi yamo mizizini, na baada ya wiki chache imekauka. Ini nalo hupata makovu, hukakamaa, na baadaye laweza kuota saratani.

Sababu ya pili ni nauli, na msimu wa kuchuma, ambapo hapana mtu apendaye kuacha shamba lake. Ya tatu ndiyo inayotusikitisha zaidi: wengi waliambiwa zamani ya kwamba maradhi haya hayana dawa, nao wakakata tamaa. Maneno hayo si kweli tena. Aina ya B ina kidonge cha kila siku, tenofovir, kinachovizuia virusi visiendelee kuliharibu ini, ijapokuwa mara nyingi haviishi kabisa. Aina ya C huponywa hasa, kwa vidonge vya wiki nane mpaka kumi na mbili, na huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Huko Uholanzi madaktari walipoona hivyo walifungua kumbukumbu za maabara za miaka mingi nyuma, wakawatafuta waliopotea na kuwaita warudi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa na aina ya B. Katika kila 100 waliokwisha kujijua walikuwa 13, na waliokuwa wakipata dawa 3 tu.

Si kila mtu atapewa kidonge. Daktari atapima wingi wa virusi na hali ya ini. Wengine huambiwa warudi kutazamwa kila miezi sita. Aliyeanzishiwa dawa asiiache kwa shauri lake mwenyewe, kwani maradhi huweza kurudi kwa nguvu. Mume, mke na watoto wapimwe, na asiyekuwa nayo achanjwe. (Kula sahani moja hakuambukizi, anayemtengea mgonjwa kikombe chake anamdhulumu bure. Wembe ndio usishirikiwe.)

Aliyepoteza cheti asione haya. Na aende kituo cha afya kilicho karibu, apimwe upya, aombe barua ya kupelekwa kwa daktari wa ini. Ni vyema kwenda sasa, kabla karafuu hazijawiva. Ofisi yetu haitaki majina ya wagonjwa. Ila mwanachama aliyekwama kwa nauli aje amwone katibu faragha, Jumamosi asubuhi.