Ligi Kuu ya Wanawake Ipimwe kwa Timu za Chini

Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walipocheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, Tanzania haikuwa na Ligi Kuu ya Wanawake. Baada ya hapo wakakaa nje miaka mingi, hadi walipoitoa Togo Desemba 2023 na kukata tiketi ya fainali za Morocco. Katikati ya safari hizo mbili ndipo ligi ilipozaliwa, msimu wa 2016/17, na siamini kwamba ni sadfa. Kambi ya timu ya taifa huandaa kikosi cha shindano moja. Mchezaji huiva kwa kucheza wiki hadi wiki, akikutana mzunguko wa pili na beki yuleyule aliyemkaba mzunguko wa kwanza, safari hii akizijua mbinu zake.

Wapo wanaosema hii ni ligi ya timu mbili, na ushahidi wanao. Tangu Mlandizi Queens ya Pwani ibebe kombe la kwanza, hadi msimu wa 2024/25 ubingwa umekuwa wa JKT Queens au Simba Queens tu. Hata hivyo, wakubwa hao si wa kulaumiwa: mwaka 2022 Simba Queens walitwaa taji la CECAFA, kisha wakamaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika. Kasoro iko chini yao. Msimu wa 2024/25 ligi ya timu kumi iliipa kila moja mechi 18, wakati wanaume walicheza 30, na hata hizo 18 ni mzigo kwa klabu isiyo na jeshi kama JKT Queens wala klabu kubwa ya Kariakoo kama Simba nyuma yake. Ceasiaa Queens ya Iringa ikienda kucheza na Alliance Girls ya Mwanza, lazima ilipie basi, malazi, chakula na posho kabla mpira haujapigwa. Kwangu mimi, fedha ya mdhamini ianzie hapo, kwenye nauli, ndipo ifike kwenye zawadi ya bingwa.

Nitajibiwa kwamba Shirikisho la Soka Afrika, CAF, limeshamaliza kazi, kwa kuzitaka klabu za wanaume zinazoshiriki mashindano yake ziwe na timu za wanawake. Sharti hilo ni jema, lakini linaigusa klabu yenye timu ya wanaume inayowania nafasi Afrika. Klabu ya wasichana peke yao mkoani haipati kitu. Na vipaji havikosekani: Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, waliifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la U17 nchini India mwaka 2022, wakafika robo fainali. Kikosi kizima cha umri ule hakiwezi kuenea Simba na JKT bila wengine kuozea benchi. Dakika wanazohitaji ziko Iringa na Mwanza.