Rekodi za Washindani Waliokaa Meza Moja

Kampuni za magari hunyang'anyana wateja kila siku. Hata hivyo, hatua kubwa za kuzuia ajali zimepigwa pale zilipokubali kufanya utafiti kwa pamoja. Rekodi hizi ni ushahidi.

Mradi ghali kuliko yote ya magari yanayojiendesha katika zama zake. Mwaka 1987 watengenezaji wa magari na vyuo vikuu vya Ulaya walianza mradi wa PROMETHEUS. Gharama yake inakadiriwa kuwa euro milioni 749.

Safari iliyotia fora. Tunda mojawapo la mradi huo ni VaMP, gari la Mercedes-Benz lililopewa macho ya kamera na timu ya Ernst Dickmanns. Mwaka 1995 lilisafiri zaidi ya kilomita 1,600 kati ya Munich na Denmark. Katika kipande kimoja cha kilomita 158 lilijiendesha bila mtu kuingilia.

Magari mengi zaidi yaliyopashana habari hadi wakati huo. Mwaka 2012, mjini Ann Arbor, Marekani, karibu magari 3,000 yalifungwa redio. Kila gari lilitangaza mara 10 kwa sekunde mahali lilipo na mwendo wake. La mbele kabisa likifunga breki ghafla, dereva wa nyuma aliweza kuonywa hata kama lori lilimziba asilione.

Ahadi pana zaidi. Mwaka 2016 kampuni 20, zenye zaidi ya asilimia 99 ya soko la Marekani, ziliahidi kwa hiari kuweka breki za dharura zinazojifunga zenyewe katika karibu magari yote mapya madogo ifikapo Septemba 2022.

Rundo kubwa la takwimu. Katika ushirika wa PARTS, kampuni hukabidhi takwimu zao kwa MITRE, shirika lisilo la faida, ili mshindani asichungulie za mwenzake. Ripoti ya 2025 ilichambua magari milioni 98 na ajali milioni 21.2. Breki zinazojifunga zenyewe zilipunguza ajali za kugonga gari la mbele kwa asilimia 46 kwa magari ya 2015–2017, na asilimia 52 kwa yale ya 2021–2023.

Nafuu ndogo. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa breki za kuwakinga watembea kwa miguu zilipunguza ajali kwa asilimia 9 tu. Bati linalindwa kuliko mwili wa binadamu. Kampuni zilizokubali kukusanya takwimu zao pamoja zina deni kwa anayevuka barabara kwa miguu, na zimekwisha kuonyesha kwamba zikiungana zinaweza kulilipa.