Ruhusa Kutoka Singida

Radi inapiga mnara kilomita 10 kabla ya Singida, kwenye njia ya kilovolti 400 itokayo Dodoma. Cheche inaruka vikombe vinavyoshikilia waya, umeme unaanza kumwagika ardhini kupitia chuma cha mnara. Singida, rilei, kile kifaa kinachoamuru umeme ukatwe, inaona kwamba hitilafu iko jirani. Sakiti breka inafunguka papo hapo. Na Dodoma je?

Kipande cha Dodoma hadi Singida kina takriban kilomita 217. Rilei hukadiria umbali kwa kugawanya volti kwa mkondo, na kipimo hicho hakikosi makosa. Kwa hiyo mafundi huiruhusu kukata bila kusubiri kwenye asilimia 80 tu ya njia, isije ikavuka kituo na kuzima njia yake isiyo na hitilafu kwa kosa la njia ya jirani. Kilomita kama 43 za mwisho huachiwa subira, kwa kawaida sekunde 0.3 au 0.4. Kwetu huo ni muda wa kupepesa jicho. Kwa jenereta zinazozunguka pamoja kwenye gridi, unatosha kuachana mwendo, na hapo mikoa inaingia gizani.

Ndipo vituo vinapoongea. Singida ikiona hitilafu iko mbele yake, hutuma ruhusa. Dodoma, ikiwa nayo imeiona mbele yake, inakata bila kusubiri. Ruhusa hupita kwenye nyuzi za kioo zilizo ndani ya waya wa juu kabisa, uleule unaokinga radi, na mwanga humaliza safari hiyo kwa zaidi kidogo ya milisekunde 1.

Upo pia mpangilio wa kuzuia: rilei inayoona hitilafu iko nyuma yake humwambia mwenzake asikate. Hapa kimya ndicho kinachonitia hofu. Uzi ukikatika, mpangilio wa ruhusa hurudi kwenye subira, lakini wa kuzuia unaweza kuzima njia nzima kwa kosa la jirani.

Kwa hiyo naona nyuzi hizo zikaguliwe kwa bidii ileile ya vikombe, na ishara iwe na njia ya pili. Wazee wa kazi hii waliipitisha kwenye waya wenyewe wa umeme. Ukipita kituo cha zamani cha kupoza umeme, tazama juu: ile koili kubwa kama pipa, inayoning'inia mwanzoni mwa waya, kazi yake ni kuzuia ishara isipotelee kituoni.