Kumfunza Mbwa kwa Tuzo na Kumsoma kwa Penseli

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mbwa hapati adabu ila kwa fimbo. Imani hiyo ilikuwa na mabingwa wake. Mwaka 1910 Konrad Most, afisa wa polisi wa Ujerumani, alitoa kitabu cha kuwafunza mbwa kilichotegemea sana mashurutisho, na wafunzaji wa polisi na majeshi wakaifuata njia hiyo kwa miaka mingi.

Njia ya pili ilitoka katika maabara. Mmarekani Edward Thorndike alionyesha mwaka 1898 kwamba mnyama hulirudia tendo lililomletea manufaa. Baadaye B. F. Skinner aliichunguza kanuni hiyo kwa undani, na wanafunzi wake, Keller na Marian Breland, wakaanza kazi ya kuwafunza wanyama kibiashara. Walitumia mlio mfupi kumjulisha mnyama kwamba hapo hapo amefanya vyema na chakula kinakuja. Karen Pryor, aliyewafunza pomboo huko Hawaii, aliieneza elimu hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1984. Pomboo, msomaji, havutwi kwa mnyororo. Akiudhiwa huogelea akaenda zake.

Siri yote imo katika wakati. Mbwa akiketi, mlio utoke papo hapo, nyama ifuate. Ukichelewa naye amekwisha inuka, umemtuza kwa kuinuka. (Asiyependa kuguswa na mate ya mbwa na aitupe nyama chini, tuzo ni ile ile.)

Jambo hili si mchezo wa wenye nafasi. Nchini Msumbiji, baada ya vita vilivyokoma mwaka 1992, mbwa walisaidia kutafuta mabomu yaliyotegwa ardhini, hata mwaka 2015 nchi ikatangazwa kuwa imeyaondoa katika maeneo yote yaliyojulikana. Mbwa wa kazi hiyo hunusa baruti, huketi mahali pake, kisha hupewa mpira wake. Aliyezoea kipigo huacha kunusa udongo akautazama uso wa bwana wake, huketi pale anapodhani bwana anapataka, au asithubutu kuketi kabisa. Na nyuma yake kuna binadamu atakayeukanyaga udongo huo.

Kabla mbwa hajaketi, mwili wake hutangulia kusema: pumzi hubadilika, kichwa hugeuka ghafula, mkia huacha mwendo wake. Asiyezoea kutazama haoni, na kwa maoni yangu hakuna chombo kinachofundisha kutazama kama penseli. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya namna binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia zao, aliweka michoro ya Briton Riviere. Katika mmoja, mbwa anamwendea mwenziwe kwa uhasama: amekakamaa, mkia juu, nywele zimesimama. Katika mwingine amenyenyekea: mwili umeshuka, mkia u chini, masikio yamelala nyuma. Hapana haja ya maelezo marefu.

Anayeanza kuchora na aanze na mbwa aliyelala. Avute mstari mmoja tangu pua hadi shina la mkia, kisha aweke maumbo matatu: kichwa, kifua mfano wa yai, na nyonga. Manyoya yangoje. Mguu wa nyuma ndio huwahadaa wengi: kile kiungo kinachochomoza nyuma si goti bali ni kisigino, kwani mbwa hutembea kwa vidole, goti liko juu, karibu na tumbo. Akishaweza hayo, amchore mbwa aliye macho, nusu dakika kwa kila mchoro, bila kufuta.

Mbwa hatatulia kwa kuamriwa tu. Mtandikie mkeka, mtuze anapolala juu yake, kwanza kila baada ya sekunde chache, kisha baada ya nusu dakika, kisha dakika nzima. Kadiri muda huo unavyorefuka, ndivyo mchoraji anavyopata nafasi ya kuongeza masikio, macho na makucha.