'Hasikii' kwa maana gani? Neno, sikio na kifaa

Kitenzi 'sikia' kimetwikwa mizigo mingi. Tunasikia sauti, tunasikia njaa na baridi, na pia tunasikia kwa maana ya kutii. Ndiposa mtu husema 'mtoto huyu hasikii' akimaanisha kuwa ni mkaidi.

Nilipokuwa shule ya msingi huku Bahati, Nakuru, kauli hiyo ilimponza mwenzangu wa dawati. Mwalimu alimwita, hakuitika, akachapwa. Kesho yake vivyo hivyo. Ilipita miaka miwili kabla ya mtu kung'amua kwamba maskini hakuwa mtundu. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa mazito.

Je, msaada ulikuwepo? Ulikuwepo, tena wa kale. Katika karne ya 17, watu wa Ulaya walitumia pembe za kusikilizia: mdomo mpana ulikusanya sauti, ncha nyembamba ikaielekeza sikioni. Beethoven, mtunzi wa muziki, alitengenezewa pembe kama hizo na Johann Mälzel. Lakini pembe hukusanya sauti tu, haiiongezi nguvu. Kazi hiyo ilingoja umeme.

Baada ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu mwaka wa 1876, teknolojia ya simu ilimwezesha Mmarekani Miller Reese Hutchison kuunda kifaa cha kusikia cha umeme mwishoni mwa karne hiyo. Miaka ya 1920 vikaja vifaa vya valvu, vyenye betri nzito za kubebwa kama mzigo. Transista, iliyovumbuliwa mwaka wa 1947, ndiyo iliyopunguza ukubwa huo. Kufikia mwisho wa 1952 ilikuwa tayari imetiwa katika vifaa vya kusikia, kabla hata ya redio ya transista kuuzwa mwaka wa 1954.

Hebu fikiria! Redio ndogo iliyotusomea taarifa ya habari nyumbani ilikuwa mdogo wa kifaa ambacho mwenzangu alikikosa. Sayansi haikumtupa. Alitupwa na bei, umbali, na neno moja lililoeleweka vibaya.

Vifaa vya dijitali vya leo hupangwa kulingana na sauti ambazo mhusika hazipati, nyembamba au nzito. Ndiyo maana si sawa kukiita kifaa hiki 'kipaza sauti', kana kwamba kazi yake ni kupiga kelele tu sikioni. Tukiite 'kifaa cha kusikia'. Wala si kila kiziwi anakihitaji: Lugha ya Ishara ya Kenya imo katika Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kama lugha rasmi ya Bunge.

Basi mzazi, nawe mwalimu, mtoto asipoitika, usikimbilie kiboko. Simama nyuma yake, umwite polepole. Asipogeuka, mpeleke kliniki. Na kabla ya kutamka 'hasikii', jiulize kwanza: kwa maana gani?